Kando ya mizani

Siku ya CPS, yaani kliniki ya kupima watoto wadogo, akina mama wa Kasongo na Kabambare, mkoani Maniema, Kongo, hufika kituo cha afya mapema, watoto mgongoni, kadi zikiwa zimefungwa kwenye pindo la kitenge. Mtoto anatundikwa kwenye mizani, kilo zinasomwa, nukta inatiwa kwenye kadi, anachomwa chanjo, anaitwa mwingine. Nukta ikipanda, mama anarudi nyumbani akijua mtoto wake ni mzima. Lakini yuko mtoto wa miezi sita ambaye kilo zake ni nzuri kabisa na shingo yake bado haijakaza. Mizani haimwoni huyo.

Jina la Kasongo linajulikana mbali katika somo la afya ya watoto. Miaka ya 1970, madaktari wa Kongo na wenzao wa Taasisi ya Magonjwa ya Kitropiki ya Antwerp, Ubelgiji, walijenga hapo mtandao wa vituo vya afya vilivyo karibu na watu. Mwaka 1981 walichapisha katika jarida la The Lancet utafiti juu ya watoto wa Kasongo wenye umri wa miezi 7 hadi 35, wakitaka kujua kama chanjo ya surua inawaokoa na kifo. Swali la siku zile lilikuwa: mtoto ataishi? Lilikuwa swali la haki, maana surua ilikuwa ikizika watoto. Mimi nawawazia wale walioishi. Wanakua namna gani?

Mtoto aliyechelewa kulia alipozaliwa huenda ubongo wake ulikosa hewa. Mwingine alipata manjano makali siku za kwanza na hakutibiwa. Mwingine aliugua homa ya uti wa mgongo. Na ipo malaria kali, ile ya degedege na kupoteza fahamu, ambayo watu wa Maniema hawahitaji kuelezwa. Huko Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti waliwafuatilia watoto waliopona malaria ya namna hiyo wakakuta kwamba takriban mmoja kati ya wanne alibaki na upungufu fulani: maneno, kumbukumbu, mwendo, au kifafa. Mtoto anatoka hospitalini, watu wanamshukuru Mungu, na hakuna anayemwambia mama aendelee kutazama. Kama mwanao amepona malaria ya degedege, tazama kwa miezi kadhaa kama anasikia, anatamka na anatembea kama zamani.

Dalili nyingine hazihitaji mashine. Watoto wengi hukaa wenyewe bila kushikwa kabla ya kufika miezi 9, na hutembea kabla ya miezi 18. Asiyefika hapo aonyeshwe kwa muuguzi. Ngumi zinazobaki zimefumbwa baada ya miezi minne, miguu inayopishana kama mkasi ukimwinua, mkono mmoja tu unaofanya kazi kabla hajatimiza mwaka: hayo ni maneno ya kupeleka kituoni siku hiyohiyo ya kilo. Asiyegeuka sufuria inapogongwa nyuma yake achunguzwe masikio kabla hajaitwa bubu. Na yule asiyetazama usoni, asiyenyoosha kidole kuonyesha kitu, anayezungusha kifuniko peke yake saa nzima, huenda ana usonji. Kuzungumza Kibangubangu na Kiswahili nyumba moja hakumchelewesha mtoto. Mzungumzishe kwa lugha unayoipenda moyoni.

Najua kinachosemwa uani. Mama alivunja mwiko. Ukoo una deni. Mtoto ana jini, au mbaya zaidi, yeye mwenyewe ni mchawi. Neno hilo la mwisho linaua. Linamnyima chakula, linamfukuza nyumbani, na adhabu yake imo katika sheria ya Kongo ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009: anayemsingizia mtoto uchawi hufungwa mwaka mmoja hadi mitatu. Mzee wa mtaa, imamu na padri walijue hilo, na walitamke kwa sauti.

Sasa nyumbani, ambako kazi kubwa iko. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo, kama yule wa shingo isiyokaza au miguu inayopishana, mara nyingi haangamizwi na mtindio wenyewe. Anaangamizwa na namna anavyolishwa. Analazwa chali mapajani, uji unamiminwa, unaingia njia ya hewa, na baada ya wiki anaugua homa ya mapafu. Mketishe wima. Kidevu kiiname kidogo, kisitazame juu. Uji uwe mzito, kijiko kiwe kidogo, kitoke mbele na chini, si juu ya kichwa chake. Subiri ameze. Itachukua muda mrefu kuliko kumlisha ndugu yake, na muda huo ndio dawa.

Kiti chake seremala yeyote anaweza kukitengeneza: mbao mbili zikutane kwa pembe nyuma ya mgongo, kipande mbele cha kushika, kitenge kilichokunjwa kati ya magoti. Kama hakuna mbao, beseni na nguo zilizoviringishwa zinaanza kazi. David Werner, katika kitabu chake cha 1987 juu ya watoto wenye ulemavu vijijini, alionyesha vifaa vingi vya namna hii. Na bibi zetu walikuwa na chao siku zote: kumbeba mtoto mgongoni, miguu ikiwa imepanuka kiunoni. Kwa miguu inayopishana, mkao huo ni mazoezi bora, na hauna bei.

Kwa mtoto wa usonji, siku iwe na mpangilio anaoweza kuutabiri. Mwonyeshe ndoo kabla ya kuoga, sahani kabla ya kula. Jambo lililoonekana halimtishi. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 yaliyojengwa juu ya kazi hizihizi za nyumbani, na wanaoyafundisha si lazima wawe wataalamu. Reko, yaani mhudumu wa afya wa kijijini, akifunzwa anaweza.

Kifafa kina dawa. Fenobabitali ni ya bei ndogo, ila isikatizwe ghafla hata mtoto akionekana amepona. Povu linalomtoka haliambukizi. Akianguka, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, na usimwache peke yake kando ya moto au mto.

Kisha kuna dada wa mtoto huyu. Katika nyumba hizi mara nyingi yuko msichana wa miaka tisa au kumi anayembeba mdogo wake mchana kutwa mama akiwa shambani. Tangu 2019 shule ya msingi ya serikali ni ya bure, na bado yeye haendi. Nimwombe baba jambo moja hapa: siku mbili kwa wiki, mchukue wewe huyo mdogo. Mfunge kwenye kiti cha nyuma ya baiskeli, mto nyuma ya mgongo wake, mwende naye shambani au barazani, watu wamwone, wamwite kwa jina lake. Dada avae sare aende darasani.