Lugha ya Mshindi Haishindi Daima

Kila tunapoandika neno la Kifaransa vague, yaani wimbi, tunatumia neno la Waviking. Asili yake ni vágr, neno la Kinorse cha Kale, lugha ya watu wa Skandinavia ambao tangu karne ya 8 walivuka bahari wakipora, wakifanya biashara na kuhamia nchi nyingine.

Naanza na neno hilo kwa sababu katika mijadala yetu kuhusu lugha za Afrika nasikia mara nyingi kwamba lugha ya mwenye nguvu lazima imeze nyingine. Zamani niliamini hivyo. Kinorse kilinifanya nisite, maana lugha hiyo moja ilipata majaliwa matatu.

Kwanza, Normandie. Mwaka 911 mfalme wa Wafaranki alimpa Rollo, kiongozi wa Waviking, ardhi ya kutawala. Watawala hao walioa wenyeji, na baada ya vizazi vichache wazao wao walisema Kifaransa. Kinorse kilibakiza maneno machache, hasa ya bahari, na majina ya miji kama Yvetot na Bolbec: tot ni kiwanja cha nyumba, bec ni kijito. Walioshika upanga ndio waliopoteza lugha.

Pili, Uingereza. Upande wa kaskazini na mashariki, Waskandinavia walikaa na kulima jirani na Waingereza, na lugha zao zilikuwa za ukoo mmoja. Kiingereza kikapokea sky, egg, take, hata viwakilishi they, them na their. Tunajua kwamba nomino hukopwa kwa wepesi, viwakilishi kwa nadra sana. Kukopa kwa kina namna hii kunaonyesha maisha ya pamoja ya kila siku, si amri ya mtawala.

Tatu, Aisilandi. Wahamiaji walifika huko kuanzia miaka ya 870, wakakuta kisiwa karibu kitupu. Lugha yao haikuwa na mshindani, na waliiandika kwa wingi. Hadi leo Waaisilandi wanaweza kusoma masimulizi ya karne ya 13 bila tafsiri.

Basi, tunapochunguza lugha zetu zinavyokutana, tusiulize tu nani alitawala. Tuulize pia nani alioa wapi, nani alikuwa jirani ya nani, na mtoto alilelewa kwa lugha gani.