Nyumba ya Kigali: jina la nani liko kwenye hati?

Mwezi huu tunaongea juu ya jambo ambalo wengi wanatuuliza: kununua nyumba Kigali. Kuna familia zenye vijana wanaofanya kazi mjini, nyingine zina ndugu ng'ambo wanaotuma pesa, na wote wamechoka kulipa kodi kila mwezi. Ni wazo zuri. Lakini pesa iliyokusanywa miaka kumi inaweza kupotea kwa siku moja.

Shida inatoka kwenye mazoea. Kwetu Kongo tuliandika karatasi mbele ya chifu na mashahidi, tukalipa, tukahamia. Hapa Rwanda karatasi hiyo peke yake haitoshi. Kuanzia 2009 serikali iliandikisha viwanja vya nchi nzima, na kila kimoja kina namba yake, UPI. Mwenye nyumba ni yule aliyeandikwa kwenye namba hiyo, si yule mwenye funguo.

Basi, kabla ya kutoa hata avansi:

1. Mwombe muuzaji UPI, uichunguze kwenye ofisi ya sekta. Tangu 2023 hati ni ya kielektroniki, kwa hiyo usitosheke na karatasi ya zamani. Uliza pia kama nyumba iko rehani benki au ina kesi.

2. Kama hati ina majina ya mume na mke, wote wawili lazima wakubali. Mmoja akisema "mwenzangu yuko safarini", subiri arudi.

3. Uliza kama ni mahali pa kujenga. Mwishoni mwa 2019 familia nyingi za Kigali ziliondolewa kwenye mabonde yenye maji. Bei ikiwa chini mno, kuna sababu.

4. Nenda huko siku ya umuganda, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Majirani wapo, na wanajua mengi ambayo komisiyoneri hatakuambia.

5. Sahihi ziwekwe mbele ya notari wa ardhi, na pesa ipite benki.

Sisi wakimbizi tuna jambo moja zaidi. Kwenye ardhi tunahesabiwa kama wageni, na mgeni kwa kawaida hupewa haki kwa mkataba wa miaka. Mwulize notari mapema: kitambulisho changu kinakubalika? Ni miaka mingapi?

Wengine wanakwepa maswali haya kwa kuandikisha nyumba kwa jina la rafiki au shemeji mwenye uraia. Ndugu zetu, tafadhali msifanye hivyo. Anaweza kuwa mtu mwema kabisa, lakini siku akifa, nyumba ni ya watoto wake, na wao hawajui mliahidiana nini. Mtatoka na masufuria yenu.

Afadhali kupanga mwaka mmoja zaidi kuliko kujenga kwa jina la mwingine. Haraka haraka haina baraka. Someni haya pamoja nyumbani, mama na baba, kabla pesa haijatoka.