Kware Wachanga Wanapodonoana Ndani ya Bruda

Leo tunazungumza juu ya kware. Si yule wa porini anayekurupuka kwenye shamba la mtama, ila kware wa kufugwa, mwenye asili ya Japani, ambaye akitunzwa vizuri huanza kutaga akiwa na wiki sita au saba tu. Tatizo lenyewe ni hili: vifaranga wanageukiana, wanadonoana vidole, macho na mgongo, mpaka wanauana.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mwezi wa Julai, wakati wa kipupwe, niliitwa na mama mmoja wa Bigwa, upande ule wa kupandia mlimani. Alikuwa amenunua vifaranga 200. Walikuwa na siku kumi, na usiku wa kuamkia siku ile aliokota saba wamekufa, vidole vimeliwa. Nilifika saa tatu asubuhi. Ubaridi wa Uluguru ulikuwa bado haujaondoka, vifaranga wametulia, bruda ni safi, maji yapo. Sikuona ubaya wowote. Nikamwambia, "Mama, hawa ni wakali tu, tuwakate ncha za midomo." Tukawakata.

Baada ya siku tatu akaniita tena. "Bwana Shamba," akasema, "sasa wanadonoana na kula pia hawali." Alikuwa na haki ya kukasirika. Kifaranga wa kware akitotolewa hafiki hata gramu kumi, na mdomo wake ni mdogo mno. Ukikosea kidogo anatoka damu, na damu ndiyo inawaita wenzake. Tena mwenye kidonda mdomoni hawezi kuokota chakula. Tangu siku hiyo sikati mdomo wa kifaranga wa kware kabla sijajua kinachowasumbua.

Safari ya pili nilifika saa nane mchana, na hapo ndipo nilipoona. Bruda ilikuwa chini ya bati, jua limewaka. Jiko la mkaa lilikuwa limejazwa vilevile kama usiku, maana mama aliambiwa kware wanataka joto, na kweli wanataka. Vifaranga walikuwa wamejibana pembeni, midomo wazi, wanahema. Dirishani kulipita mwali wa jua ukaanguka katikati ya boksi, na kila kidole kilichopita penye mwali ule kiling'aa kama mdudu. Mwenzake anakidonoa. Kinatoka damu, anakuja wa pili, wa tatu. Kile kilichoanzishwa na joto la mchana kilimaliziwa usiku, kwa mwanga wa taa.

Joto basi ndilo la kwanza kutazama. Wiki ya kwanza liwe kiasi cha nyuzi 35 hadi 37, kisha ulipunguze nyuzi tatu hivi kila wiki mpaka waote manyoya. Huna kipimajoto? Watazame wenyewe. Wakirundikana chini ya moto wanaona baridi, wakikimbilia kuta na kuhema wamezidiwa, wakitawanyika kote na kula ujue ni sawa. Lakini uwatazame asubuhi, mchana na usiku wa manane. Sehemu zetu hizi za chini ya mlima, siku moja ina baridi na joto pamoja, kwa hiyo mkaa wa usiku si mkaa wa mchana. Na usizibe matundu ya hewa kwa kuogopa baridi, moshi wa mkaa unaua vifaranga na wewe mwenyewe.

La pili ni nafasi. Boksi la yule mama lilikuwa meta moja kwa meta moja, na ndani yake vifaranga 200. Kwa nafasi hiyo weka 100 tu mpaka wafikie wiki mbili, kisha wapunguze wabaki 60 hivi. Tuligawa, tukaongeza vyombo vya chakula ili hata wanyonge wafike. Vyombo vya maji viwe vya kina kifupi, vyenye kokoto ndani, maana hawa huzama kwenye maji ambayo kifaranga wa kuku angeyakanyaga tu.

Dirisha tuliliziba nusu kwa gunia, mwali usipite. Wenye umeme watumie taa nyekundu, chini ya mwanga huo damu haionekani waziwazi.

Kuna jambo la chakula. Alikuwa anawapa chakula cha vifaranga wa kuku wa mayai, ambacho protini yake huwa 18 hadi 20 katika kila sehemu 100. Kware mchanga anahitaji kama 24. Akikosa, anaitafuta kwenye manyoya na damu ya mwenzake. Chakula cha kuanzia cha kuku wa nyama kiko karibu zaidi, mradi ukisage kiwe laini. Ukikosa hicho, kwenye kilo 8 za kile cha kwanza ongeza kilo 1 ya dagaa waliotwangwa, wasio na mchanga wala chumvi nyingi. Siku za mwanzo nyunyiza chakula juu ya karatasi isiyoteleza, wajifunze kudonoa chakula na si vidole. Baadaye ning'iniza fungu la mchicha usawa wa midomo yao, wapate kazi ya kufanya.

Aliyeumia mtoe mara moja, hata kama jeraha ni dogo. Mpake dawa ya zambarau, ile tunayoiita jivii, na usimrudishe mpaka kidonda kikauke kabisa. Waliokufa watoe kila alfajiri.

Yule mama alipoteza vifaranga 31 kwa jumla, na baadhi yao nawahesabu kuwa ni wangu mimi. Baada ya kupunguza mkaa wa mchana na kugawa boksi, kudonoana kulikoma siku ya nne.

Lakini msidhani vita vimekwisha hapo. Kufikia wiki ya tano au ya sita, madume wanaanza kuwika na kupigana, wanadonoana vichwa na macho. Wiki ya tatu utawatambua: dume ana kifua chekundu cha hudhurungi, jike ana kifua chenye madoadoa. Watenge mapema, na kwenye kundi la kutaga weka dume mmoja kwa majike watatu. Ila ukikuta kidonda utosini, tazama kwanza dari ya banda. Kware akishtuka huruka wima na kujigonga. Tandika gunia chini ya dari hiyo, halafu ndipo uanze kumtafuta mgomvi.