Sharti za Somo la Takwimu na Mwanafunzi wa Eastleigh

Matokeo ya mtihani wa KCSE yakishatangazwa na majina ya walioitwa vyuoni yakishatoka, nyumba nyingi za mtaa wa Eastleigh, Nairobi, tangu Section One hadi Section Three, hujiandaa kumpeleka mwana au binti chuo kikuu. Wengine hupanda matatu kwenda mjini na kuendelea hadi Chiromo, kwenye masomo ya sayansi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na wengine hushika njia ya Pangani wakaingia barabara ya Thika kuelekea Chuo Kikuu cha Kenyatta kule Kahawa, au kile cha Jomo Kenyatta kule Juja. Awe amekwenda kusoma uchumi, uhasibu, bima, kompyuta, uhandisi au elimu ya afya, aghalabu mwanafunzi huyo hukutana katika miaka yake ya mwanzo na somo moja lisilokwepeka, nalo ni somo la uwezekano na takwimu. Siku ya kwanza ya somo hilo mhadhiri humkabidhi waraka wa kurasa chache ulioandikwa kwa Kiingereza, unaotaja mada zitakazofundishwa, mahudhurio yanayotakiwa, namna alama zitakavyogawanywa, na adhabu ya atakayedanganya. Na waraka huo, ambao kwa hakika ni mkataba baina ya mwalimu na mwanafunzi, mara nyingi hukunjwa ukatiwa mkobani usisomwe tena, na mzazi aliyelipa karo hauoni kabisa.

Nakusudia kuueleza hapa, kwa sababu naamini ya kuwa sharti zake hazikutungwa kwa ukali wa walimu. Nyingi zatokana na elimu ile ile inayofundishwa, na mwenye kuzipima kwa hesabu ataziona kuwa ni nasaha.

Kwanza yafaa kuondoa shaka moja. Wazee wa mtaa, hasa wenye kushika dini, huingiwa na wasiwasi wakisikia kijana wao anafundishwa habari za dadu, karata na sarafu irushwayo juu. Ni kweli kwamba Wafaransa wawili, Blaise Pascal na Pierre de Fermat, waliandikiana barua mwaka 1654 juu ya namna ya kugawanya fedha za mchezo wa kamari uliokatizwa kabla ya kwisha; walakini elimu hii haikuzaliwa kwenye meza ya kamari peke yake, kwani katika karne ya tisa huko Baghdad mwanachuoni al-Kindi alikuwa amekwisha kuonyesha jinsi ya kufumbua maandishi ya siri kwa kuhesabu ni herufi gani zinazotokea mara nyingi kuliko nyingine, na hiyo ni kazi ya takwimu khasa. Fauka ya hayo, hakuna hoja inayomtenga kijana na kamari kwa nguvu kama hesabu yenyewe. Chukua mchezo wa kurusha sarafu ambamo mtu huweka shilingi 100, akishinda hupewa shilingi 180, akishindwa hukosa zote: maadamu nafasi ya kushinda ni nusu, wastani wa anachopata ni shilingi 90, na kila mia anayoiweka humpunguzia kumi, hata kama bahati imemwangukia leo na jana. Katika mji ambamo vijana huweka dau kwa simu usiku na mchana, naihesabu nusu saa ya somo hilo kuwa na thamani kuliko makaripio mengi.

Sasa tuje kwenye waraka. Sharti linalotangulia ni mahudhurio. Somo moja katika vyuo vyetu kwa kawaida huhesabiwa saa 45, aghalabu saa tatu kwa wiki, na vyuo vingi humtaka mwanafunzi ahudhurie si chini ya thuluthi mbili ndipo aruhusiwe kuingia katika chumba cha mtihani. Kijana mwerevu huigeuza kanuni hii akasema kwamba basi ana ruhusa ya kukosa saa 15. Ruhusa hiyo anayo kwenye daftari la mahudhurio, lakini katika ufahamu hanayo, kwa kuwa mada za somo hili zimepandana: asiyejua kujumlisha na kuzidisha uwezekano hatajua maana ya kigeu nasibu, asiyejua kigeu nasibu hataelewa mtawanyo wa binomia, wala wa Poisson, wala ule wa kawaida wenye umbo la kengele, na asiyeielewa mitawanyo hiyo hataweza, mwisho wa muhula, kuipima dhana yoyote kwa kutumia sampuli. Aliyekosa juma la tatu hulipa deni lake juma la tisa, na hulilipa na riba.

Baada ya mahudhurio huja mgawanyo wa alama, na hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie nami kidogo. Desturi iliyoenea nchini ni kwamba kazi za muhula, yaani mazoezi na majaribio, huwa na alama 30, na mtihani wa mwisho alama 70; kufaulu ni 40, na daraja la A huanzia 70. Vijana wengi huzidharau zile 30 kwa kuziona ni chache. Hebu tuwatazame wanafunzi wawili wanaoitamani A. Wa kwanza alikwenda na mazoezi tangu mwanzo akakusanya alama 27 katika 30. Huyo anahitaji 43 katika 70, yaani kiasi cha asilimia 61 ya mtihani. Wa pili alizembea akapata 18. Huyo hana budi kupata 52 katika 70, yaani asilimia 74, na kuzipata siku moja, ndani ya muda wa saa mbili, akiwa na siha au hana, akiwa amelala au hakulala. Tofauti ya alama tisa, ambazo zingeweza kupatikana kidogo kidogo kwa miezi mitatu, imegeuka kuwa mzigo wa siku moja. Na somo lenyewe hufundisha kwamba wastani wa vipimo vingi huyumba kidogo kuliko kipimo kimoja, ndiyo maana mhadhiri mwenye insafu hapendi kumhukumu mtu kwa siku moja tu. Zile alama 30 ni rehema, nami nasikitika kila nikisikia zikiitwa usumbufu.

Mtihani nao una umbo linalojulikana. Karatasi husema: jibu swali la kwanza, kisha uchague mengine mawili. Swali la kwanza lina alama 30, nalo ni la lazima, limegusa mada zote. Yanayofuata, aghalabu manne, yana alama 20 kila moja. Umbo hilo limewashawishi wengi kufanya ubashiri, wakasoma nusu ya mada na kuiacha nusu, wakitumaini kwamba waliyoyasoma ndiyo yatakayotoka. Lakini ubashiri huo wenyewe unahesabika. Tuseme mada ni kumi, na maswali manne ya hiari yametoka katika mada nne tofauti zilizochaguliwa bila upendeleo. Aliyesoma mada tano hukabiliwa na njia 210 ambazo mada nne zaweza kuchaguliwa, na katika njia 55 kati ya hizo hatakuta maswali mawili anayoyajua. Yaani ana nafasi zaidi ya moja katika nne ya kukwama. Angeongeza mada mbili tu, akasoma saba, njia za kukwama zingeshuka hadi 7 katika 210, yaani moja katika thelathini. Sijaona hotuba ya mkuu wa chuo inayoeleza faida ya bidii kwa uwazi kama tarakimu hizi, na mwanafunzi anayeweza kuikokotoa hesabu hii mwenyewe ameshaanza kulielewa somo.

Kuna masharti mengine yasiyohitaji maneno mengi. Kikokotoo kinachoruhusiwa ni kile kisichoweza kuhifadhi programu wala maandishi. Majedwali ya mitawanyo hutolewa na chuo. Na jibu lisiloonyesha njia halipati alama zote hata likiwa sahihi, kwa sababu tarakimu tupu haimwambii msahihishaji kama mtu amefikiri au ameotea.

Juu ya udanganyifu itabidi nikawie. Vikaratasi vya siri ambavyo wanafunzi wa Kenya huviita mwakenya vimekuwa msiba katika vyumba vya mitihani, na siku hizi simu imeongeza uovu juu ya uovu. Waraka husema waziwazi kwamba atakayepatikana atafikishwa mbele ya kamati ya nidhamu, na yamkini akafukuzwa. Ila katika somo hili mdanganyifu amejitia mikononi mwa watu waliosomea kumtambua. Ikiwa kosa fulani la nadra hufanywa na mwanafunzi mmoja katika 20, basi wawili waliofanya kazi mbali mbali wana nafasi moja katika 400 ya kulifanya wote. Na wakilingana katika makosa matatu ya namna hiyo yasiyohusiana, nafasi hiyo huwa moja katika 64,000,000. Hata hivyo mhadhiri mwadilifu hasimami hapo, kwa maana anajua kwamba waliosoma pamoja usiku uliotangulia, kwa daftari moja lenye kosa, hawako mbali mbali, na kwamba katika darasa la watu mia tatu jozi za wanafunzi ni nyingi mno hata sadfa ikatokea. Kwa hiyo huwaita, huwauliza, huwapa nafasi ya kueleza kabla ya kuwahukumu. Kumtaka mwanafunzi awe mwaminifu na kumtaka mwalimu awe na hadhari katika kutuhumu ni mambo mawili yasiyotengana.

Kwa upande wa haki zake, mwanafunzi ajue kwamba aliyeugua au kufiwa siku ya mtihani hupewa mtihani maalumu akileta cheti kwa wakati, ilhali aliyeanguka hufanya mtihani wa marudio, ambao katika vyuo vingi haumpi zaidi ya alama ya kufaulu. Muhula ukiangukia Ramadhani, na Ramadhani husogea kiasi cha siku kumi au kumi na moja kila mwaka, ni vyema aliyefunga azipange saa zake mapema, asingoje juma la mitihani ndipo atake huruma. Na karatasi za majaribio zikisharudishwa asizitupe hata moja, kwani alama kupotea katika daftari za vyuo ni malalamiko ya siku nyingi nchini, na mwenye karatasi mkononi ndiye mwenye hoja.

Mzazi aweza kuuliza: taabu yote hii ni ya nini? Jibu liko karibu na mlango wake. Mwezi wa Agosti 2010, Waziri wa Mipango wa wakati huo, Wycliffe Oparanya, alipotangaza matokeo ya sensa ya mwaka 2009, alizifuta hesabu za wilaya nane za upande wa Turkana, Mandera, Wajir na Garissa, kwa hoja kwamba idadi ya watu ilikuwa imekua kupita kiasi ambacho vizazi na vifo vingeweza kueleza, na kwamba umri na jinsia za waliohesabiwa hazikuwa na uwiano unaotarajiwa. Wakazi wa huko, ambao wengi wana jamaa zao Eastleigh, walikasirika, na shauri likafika mahakamani. Sisemi nani alikuwa na haki. Nasema kwamba ubishi ule wote, wa serikali na wa walioipinga, ulikuwa ubishi juu ya mada za somo hili: mtawanyo wa umri, kasi ya ongezeko, kosa la kipimo, na kiasi cha tofauti ambacho mtu aweza kukiita sadfa. Idadi hizo ndizo zinazotazamwa katika kugawa fedha na majimbo ya uchaguzi. Sensa ya mwaka 2019 iliihesabu Kenya kuwa na watu 47,564,296, Nairobi 4,397,073, na kaunti ndogo ya Kamukunji, ambamo sehemu kubwa ya Eastleigh imo, watu 268,276. Na anayetaka kuihoji tarakimu ya mwisho, au kuitetea, hatafika mbali kwa sauti peke yake. Afrika ya Mashariki ililitambua jambo hili mapema, hata kikaanzishwa chuo cha mafunzo ya takwimu Dar es Salaam mwaka 1961, na taasisi ya takwimu na uchumi tumizi huko Makerere mwaka 1969.

Eastleigh, mtaa ulioasisiwa mwaka 1921, ukakaliwa hapo mwanzo na Wahindi pamoja na Wasomali, kisha tangu nyumba ya wageni iitwayo Garissa Lodge ilipogeuzwa kuwa maduka katika miaka ya 1990 ukawa soko ambamo hata watu wa nchi jirani hununua, haukosi watu wenye akili ya hesabu. Mfanyabiashara wa First Avenue anayeagiza nguo Dubai hupima kila siku uwezekano wa mzigo kuchelewa na wa dola kupanda, na mwanawe aliyekaa naye dukani huingia darasani akiwa na mizani hiyo tayari. Lakini duka hilo hilo ndilo linalomnyima saa zake. Mzigo ukifika, au Idi ikikaribia, kijana huitwa asimamie mauzo, akakosa muhadhara mmoja, kisha wa pili, zoezi likapita bila kukabidhiwa, na mzazi asijue kwamba zile alama tisa tulizozitaja zimeondoka hapo.

Basi enyi wazazi na wenye maduka, mwombeni mwanafunzi wenu awaletee waraka huo juma hili, awasomee kwa Kiswahili au kwa Kisomali sharti baada ya sharti, muandike pamoja siku za mihadhara na za majaribio katika kalenda ya dukani, na katika saa hizo mtafute mtu mwingine wa kusimama kwenye kaunta.