Mfundishe mwanao kuijua karafuu kabla haijafika mzanini

Karafuu ikishafika kituoni, mkulima hana tena la kufanya. Mpimaji atachota kiganja, ataitazama, ataivunja, atainusa, kisha atataja daraja. Kwa familia nyingi za Pemba, tofauti ya daraja la kwanza na la tatu ndiyo sare ya skuli, madaftari na mchele wa siku kadhaa. Na daraja hilo huanza kupatikana nyumbani, juu ya jamvi, ambako mara nyingi mikono inayochambua ni ya watoto wetu.

Basi mzazi, juu ya mkarafuu wapande watu wazima. Mtoto akae chini jamvini, baada ya skuli, na umfundishe kuipima karafuu kwa viungo vyake mwenyewe.

Anza na macho. Karafuu njema ni nzima, ina kichwa chake, na rangi yake ni kahawia inayovuta wekundu. Iliyopauka na kujikunja mara nyingi ililazwa mbichi kwenye rundo au gunia, ikavunda kwa joto lake yenyewe. Iliyochumwa baada ya kuchanua huwa imeshapoteza kichwa na sehemu ya mafuta yake.

Kisha mkono. Karafuu kavu ukiivunja hukatika kwa mlio. Inayopinda bado ina maji. Kwa kawaida kilo tatu za mbichi hutoa takriban kilo moja kavu. Uzito usipopungua hivyo, jua halijamaliza kazi. Ibonyeze kwa kucha: iliyo nzuri huacha mafuta.

Sasa pua. Mwambie anuse ile kucha, asinuse rundo, kwa sababu rundo zima hunukia hata likiwa na mbovu ndani. Harufu iwe kali yenye utamu kwa mbali. Akisikia uvundo, moshi au lami, mnunuzi naye ataisikia. Ndiyo maana hatupaswi kuanika barabarani.

Mwisho ulimi. Mtoto aliyekwisha kukua aume punje moja tu. Mdogo asipewe, asije akapaliwa. Kwanza atasikia ukali, halafu utamu kidogo, kisha ganzi. Ganzi hiyo huletwa na yujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, na madaktari wa meno huitumia katika kazi zao. Punje isiyoleta ganzi imeishiwa mafuta.

Lipo pia jaribio ambalo watoto hulipenda. Tia punje chache katika gilasi ya maji. Zenye mafuta huzama, au husimama wima kichwa kikiwa juu. Zilizokauka mafuta huelea zikiwa zimelala. Lifanye hata kwa ile karafuu ya pilau iliyokaa kabatini tangu mwaka juzi. Vipo vitu ulimwenguni vinavyosifiwa kwa ukongwe, lakini karafuu si kimoja chao: kila ikikaa, harufu inaondoka. Ihifadhi pakavu, ndani ya chombo kilichofunikwa vizuri.

Tahadhari moja: kuonja punje si kunywa mafuta. Mafuta ya karafuu ni makali mno, na kiasi kidogo tu kikimezwa na mtoto mdogo kinaweza kumdhuru ini na kumletea degedege. Chupa iwekwe juu, asipoifikia. Akimeza, usimtapishe, mpeleke hospitali mara moja.

Liko na somo la tabia. Mtoto akiona makonyo yanachanganywa na karafuu ili kuongeza uzito, atajifunza hilo pia. Makonyo yana soko lake. Kiwanda cha Wawi, Chake Chake, hukamua mafuta yake. Kimbunga cha 1872 kiling'oa mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo karafuu nyingi za Zanzibar zimetoka Pemba. Jina hilo tumelirithi, na huko ng'ambo mnunuzi hulipima kwa pua ileile.

Mtoto anayejua kupima ataitenga mbovu mwenyewe, bila kusimamiwa. Na siku ya kwenda kituoni, mzazi atakuwa analijua daraja lake kabla mpimaji hajalitaja.