Maana na Asili ya Kivumishi "Titular": Mifano kutoka Pwani ya Kilwa na Lindi

Utangulizi

Kivumishi cha Kiingereza "titular" huwatatiza wafasiri wa Kiswahili kwa sababu kina maana mbili zisizolingana. Makala hii inafafanua asili yake na kupendekeza visawe, kwa mifano ya pwani ya kusini mwa Tanzania.

Asili ya Neno

Kivumishi hiki kimetokana na nomino ya Kilatini titulus, yaani maandishi yaliyowekwa juu ya kitu ili kukitambulisha. Nomino hiyo ilipanuka maana ikahusu pia jina la kitabu, jina la heshima na haki ya kumiliki. Kiini chake, basi, ni kibandiko, si kitu kilichobandikwa. Nomino ya Kiswahili cheo, kwa upande wake, ilimaanisha pia kipimo. Kipimo hupima kilichopo. Kibandiko chaweza kuwekwa hata juu ya chungu kitupu. Ndiyo maana tafsiri "sultani wa cheo" hupotosha: msomaji hudhani ni sultani mkubwa, ilhali Kiingereza kinakusudia sultani asiye na amri.

Cheo Bila Mamlaka

Historia ya Kilwa Kisiwani inaidhihirisha maana hii. Vasco da Gama alipofika mwaka 1502, aliyeshika hatamu alikuwa Amiri Ibrahim, ambaye hakutoka katika ukoo wa masultani. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji, Ibrahim akakimbia, na Wareno wakamtawaza Muhammad Ankoni. Ibrahim alikuwa na nguvu bila usultani. Ankoni alipewa usultani uliotegemea ngome ya Wareno. Anayesoma orodha ya masultani bila kutofautisha hayo mawili hukosea kumtambua mtawala halisi.

Vivyo hivyo kwa vyeo vya liwali, akida na jumbe. Katika utawala wa Wajerumani, majumbe wa vijiji vya mwambao walibaki na jina la zamani, lakini amri ya kodi ilitoka bomani. Mwaka 1963 Tanganyika ilifuta mamlaka ya machifu kisheria. Mzee aliyeendelea kuitwa jumbe baada ya hapo, Kitomanga au kwingineko, aliitwa hivyo kwa heshima tu.

Jina la Kazi ya Fasihi

Maana ya pili haina dharau yoyote. Humhusu mhusika ambaye jina lake ndilo jina la kitabu. Katika tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, iliyotolewa mwaka 1969 na inayohusu Vita vya Majimaji, Kinjeketile ndiye mhusika wa namna hiyo. Kumwita "mhusika wa jina tu" kungemaanisha kinyume kabisa, kwani ndiye mhimili wa tamthilia.

Hitimisho

Inapendekezwa kutumia "-a jina tu" kwa cheo kisicho na mamlaka, "-a heshima" pale ambapo hakuna kejeli, na "mhusika aliyebeba jina la kazi" katika fasihi. Mfasiri na aulize kwanza: je, aliyetajwa ana amri, au ana jina?