Kocha Akifeli Msimu: Apewe Sapu au Adisko?

Chumbani kwetu hosteli tunakaa wanne: wawili Arsenal, mmoja Liverpool, na mimi niliyerithi Manchester United kwa kaka yangu kama watu wanavyorithi shamba la mawe. Kuna mjadala mmoja ambao humo ndani haujawahi kuisha. Msimu umekuwa mbovu, je, kocha apewe muda au atimuliwe? Jamaa wa Arsenal huwa na jibu moja tu: "Mwangalieni Arteta." Mimi nilikuwa na la kwangu: "Mwangalieni Ferguson." Baadaye nimegundua kwamba wote tulikuwa tunajibu vibaya, na aliyenifungua macho hakuwa mchambuzi wa redioni. Alikuwa mwalimu wa hisabati niliyemkuta kwenye BTP.

Tuanze na Ferguson, maana mfano wake ndio unaotumika vibaya kuliko yote. Alifika Old Trafford Novemba 1986. Msimu wa 1989/90 alimaliza wa 13, mashabiki wakiwa wameshamchoka, akaambulia Kombe la FA, na ubingwa wa ligi ukaja 1993. Sawa. Lakini hadithi hiyo tunaisimulia kwa sababu iliisha vizuri. Makocha waliopewa muda wakaendelea kuboronga hakuna anayewasimulia. Ni sawa na kumwambia mtu mwenye sapu tano asijali, eti kuna profesa fulani naye aliwahi kupata sapu. Huyo profesa anaweza kuwepo kweli, ila waliodisko hawapo hapa chuoni tukawahoji.

Sasa BTP. Nilipangiwa hisabati Kidato cha Pili, wanafunzi 46. Kwenye jaribio langu la kwanza waliofikisha alama 30 walikuwa 9. Tisa! Wiki tatu baadaye nikatoa la pili, wakawa 12. Ofisi ya taaluma ikaanza kusema darasa lirudi kwa mwenyewe kabla sijaliharibu zaidi, na mimi nikaanza kuhesabu ni siku ngapi nimebakiza nitoroke kwa heshima. Mwalimu aliyekuwa ananisimamia, mama mmoja mtaratibu sana, nilipompelekea orodha ya alama hakuipokea. "Mwalimu, sikuomba orodha. Niletee karatasi zao."

Akakaa nazo jioni nzima. Kwenye jaribio la kwanza wengi walikuwa wameacha maswali matupu kabisa. Kwenye la pili walikuwa wamejaribu: wameunda mlinganyo, wamehamisha namba upande wa pili, wakasahau kubadili alama ya hasi. Wamekosa, ndiyo, lakini wamekosea mbali zaidi na pale walipokuwa wamekwama mwanzo. "Hawa wanakuja," madam akasema, na darasa nikaachiwa.

Usiku ule nikakumbuka mjadala wa chumbani, nikajiuliza: na kocha je, karatasi zake ni zipi?

Chukua misimu miwili ambayo ukiitazama kwenye msimamo wa ligi ni mapacha. Arsenal ya Mikel Arteta, 2020/21: nafasi ya 8, pointi 61. Manchester United ya Erik ten Hag, 2023/24: nafasi ya 8, pointi 60. Kwa orodha ya alama, hawa wote ni sapu. Lakini fungua karatasi. Arsenal ile ilifungwa mabao 39, na ni City na Chelsea tu waliofungwa machache zaidi. Msimu uliotangulia ilikuwa imefungwa 48. United ilifungwa 58, kutoka 43 ya msimu uliotangulia. Yaani mmoja alikuwa na nyumba iliyoanza kusimama ukuta huku bado haina paa, na mwingine alikuwa na nyumba ambayo ukuta unadondoka.

Na si mabao tu. United ya msimu ule ilikuwa inapigiwa mashuti zaidi ya 17 kwa mechi kwa wastani. Mimi mwenyewe nilikuwa nawaona pale kibanda umiza: katikati ya uwanja pako wazi kama uwanja wa gwaride, mtu anatoka na mpira golini kwake anafika kwetu hajaguswa. Nitakuwa mkweli, majeruhi walikuwepo wengi, Lisandro Martínez na Luke Shaw walikosa sehemu kubwa ya msimu, na hilo ni lazima lihesabiwe kama unavyomhesabia mwanafunzi aliyeugua wakati wa mtihani. Lakini lile shimo la katikati lilikuwepo hata siku wazima walipokuwa wengi. Hilo lilikuwa kosa la aina ile ile, mwezi hadi mwezi.

Halafu tukachukua Kombe la FA, Mei 25, 2024, tukiwafunga City 2-1. Nililia, sioni aibu kusema. Na pale ndipo tulipokosea hesabu, maana swali moja zuri la UE lilifunika kosiweki nzima. Klabu iliongea na makocha wengine, ikarudi kwake, ikamwongezea mkataba hadi 2026. Oktoba 28 ikamfukuza, timu ikiwa ya 14 baada ya mechi 9. Kumwachisha kazi yeye na wasaidizi wake kuligharimu pauni milioni 10.4. Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi mbaya kuliko kumfukuza na kuliko kumwamini: kumpa mtu muda huku mkono mmoja umeshika barua yake ya kufukuzwa.

Arsenal walipompa Arteta muda walimpa na vifaa. Majira ya joto 2021 walisajili wachezaji sita, wote wenye umri usiozidi miaka 23. Ødegaard alikuwa na 22, umri wangu huu, ambapo mimi bado nasubiri bumu. Wakaanza msimu kwa kupoteza mechi tatu mfululizo, mabao 9 ya kufungwa na sifuri la kufunga. Hawakumgusa. Wakamaliza wa 5, kisha wa pili misimu mitatu mfululizo.

Najua mtu atasema: lakini kocha mpya akija timu si huwa inaamka? Huwa inaamka, ndiyo. Mchumi wa Kiholanzi, Bas ter Weel, alilichunguza hilo kwenye ligi ya kwao. Alilinganisha timu zilizofukuza kocha baada ya matokeo mabaya na timu zilizokuwa na matokeo mabaya vile vile zikabaki na kocha wao. Zote ziliinuka, kwa kiasi kinachokaribiana. Anayefukuzwa huwa ameshafika chini kabisa, na chini kabisa timu haikai milele, maana bahati mbaya nayo huwa inaisha. Hata wale wanafunzi wangu 37 waliofeli, baadhi yao wangepanda jaribio lililofuata hata kama ningewafundisha nikiwa nimelala. Ndiyo maana siamini sana ushindi wa mechi tatu za mwanzo za kocha mpya, na siamini pia kwamba kupanda kutoka 9 hadi 12 kulitosha kunitetea. Kilichonitetea ni zile alama za hasi.

Aliyemrithi Ten Hag, Ruben Amorim, alimaliza ule msimu wa 2024/25 timu ikiwa ya 15 na pointi 42. Siku ya mwisho wa ligi jamaa wa Liverpool, bingwa mpya, alikuwa amelala kitandani kwake akinitazama kwa huruma ya kejeli. "Haya mwalimu," akasema, "na huyu naye sapu?" Nikamwambia anipe jioni moja, kwanza nikazione karatasi.